Kitanda Alichokikataa Drusilla

Bosire alimvunja mkewe mkono siku ya Sabato, kisa Drusilla ameuza ndizi bila ruhusa yake. Ndizi alizozipanda Drusilla mwenyewe! Drusilla akakimbilia kwa mwanawe Makori, ng'ambo ya barabara ya Ekerenyo. Huko alikuwa salama, kwa kuwa baba wa Kikisii, hata apandwe na hasira za namna gani, haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni mwiko. Bosire alitukana akiwa nje mpaka akachoka, akarudi kulala kitandani mwake.

Huko kulala kwake raha mustarehe ndiko kulikomchoma Drusilla kuliko mkono.

Kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi, afisa Phanice, msichana mwema mwenye papara, alikuwa ameshaita gari.

"Mama, serikali itakuhifadhi. Kitanda chako kiko tayari Kisii mjini."

"Na yeye?"

"Atabaki nyumbani tukingoja kesi."

"Nipigwe mimi, tena nihame mimi? Majani chai yangu achume nani? Sitaki kufichwa, mwanangu. Nataka atoke yeye."

"Lakini ni kwa usalama wako."

"Bosire alikuwa ananiamulia. Sasa na wewe?"

Phanice akakiri kwamba mahakama inaweza kumtoa mume nyumbani, ila wengi hawaombi.

"Mimi naomba," akasema Drusilla.

Akaomba, akapewa. Polisi walimtoa Bosire mchana kweupe, blanketi kwapani, majirani wamejaa njiani. Drusilla alisimama mlangoni na mkono wake wa plasta, akamtazama mpaka alipopinda kona. Furaha hakuificha. Alitaka mwanamume yule aaibike, na akaaibika.

Jioni mvua ikanyesha. Bosire alifika kwa Makori, akasimama uani asiweze kuvuka kizingiti. Linda, mke wa Makori, akamtolea kiti kwa heshima zote na kukiweka nje, chini ya mgomba. Bosire akakaa, akalowa. Mwishowe akapiga simu.

"Mama Makori, nimekosa. Nifungulie hata jikoni tu."

Drusilla alikuwa amejinyoosha katikati ya kitanda, redio inaimba.

"Baba Makori, pole," akamwambia. "Kaombe serikali. Kuna kitanda changu Kisii mjini, sikukilalia."

Akazima simu, akaongeza sauti ya redio.