Utomvu wa Ndizi na Mikono Yangu

Utomvu wa ndizi mbichi una harufu yake. Ukiwaambia watu wa hapa Kituntu watakubishia, maana wamezaliwa ndani yake, lakini mimi hata ukinifumba macho nitakuambia jikoni kwa jirani wameanza kumenya. Ni harufu kali ya jani bichi lililopondwa pamoja na kutu ya kisu. Nilipokuwa na miaka minane, harufu hiyo ilinifikia kwanza, na mwili ukanisisimka kuanzia kisogoni. Kisha utomvu wenyewe ukagusa vidole, ukanata, ukaanza kukauka na kuwa mweusi, na hapo nilitupa kisu nikapiga kelele kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Sikuwa nikideka. Sikuweza tu. Na mtoto wa kike asiyemenya ndizi, katika Karagwe ya wakati ule, mwambie aende wapi?

Ulikuwa msimu wa kahawa. Kibanja chetu chote, yaani shamba la kahawa chini ya migomba, kilikuwa chekundu kwa matunda, na uani mikeka ilitandikwa hata pa kukanyaga hapakuwapo. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha shule. Niliishia darasa la pili kwa sababu ya chaki. Vumbi lake likinikaa vidoleni nilikuwa nafuta mikono kwenye sketi mpaka kipindi kiishe, sijaandika kitu. Mwalimu alisema kichwa changu kizito. Mama alisema mvivu. Majirani walisema pepo. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, hakusema kwa sauti, ila alichagua mbuzi mweusi akamfunga nyuma ya jiko. Alikuwa mbuzi wa mganga. Kahawa ikishauzwa ningepelekwa nikachanjwe kwa wembe, kichwani na mikononi. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa kwenye kahawa, kazi ya kumkatia majani mbuzi huyo nilipewa mimi. Nilimlisha nikijua ananingoja.

Ndipo akaja shangazi yangu kutoka Kamuli, dada yake baba, kutusaidia kuvuna. Mwanamke mrefu, asiyeficha neno, hajui hata kuandika jina lake. Siku ya kwanza aliniona nikitupa kisu, akamgeukia baba.

"Kaka, mtoto ana nini?"

"Ana mashetani ya mikono."

"Mikono ina mashetani, na miguu imeokoka?"

Wachumaji walicheka mpaka wakamwaga kahawa. Baba hakucheka. Shangazi akamwomba kitu kimoja tu, mbuzi asiondoke mpaka tunda la mwisho litoke mtini. Baba akakubali, nadhani kwa ajili ya kumnyamazisha.

Siku mbili hakuniuliza neno. Alinitazama tu, nikila, nikioga, nikivaa. Siku ya tatu akanipa viazi vitamu nimenye, na kisu kilekile. Nikamenya. Akanipa maharage nibambue, nikamshinda dada yangu. Akanituma vitu vitatu kwa pumzi moja, chumvi, jani la mgomba na kata ya maji, huku wachumaji wakipiga soga masikioni mwangu. Nikaleta vyote. Halafu akanifunga macho kwa kanga, akawa ananiwekea kitu kimoja kimoja kiganjani nitaje. Kahawa kavu. Jiwe. Jivu, na hapo nikakunja uso. Unga, nikajifuta haraka. Alipoweka tone la utomvu nilipiga yowe kabla sijalitaja.

"Kumbe kisu anakijua," alimwambia mama. "Kichwa kizima, masikio mazima. Ni ngozi inayosikia kupita ya kwako na ya kwangu."

Sisemi kwamba hakukosea. Kesho yake alidhani dawa ni kunizoesha, akanipaka utomvu mikono yote hadi kwenye viwiko. Nilitapika, nikakimbilia ndani ya migomba, nikajificha huko hadi jua likapinda. Alinifuata, akakaa chini kwenye majani makavu akasema, "Nimekosea, mwanangu." Hakuna mtu mzima aliyekuwa amewahi kuniambia neno hilo. Akasema tutabadilisha kitu kimoja, vingine vyote tuviache kama vilivyo. Ndizi zilezile, kisu kilekile, kigoda kilekile. Akachota samli kwenye kibuyu, akanipaka mikono mpaka ikang'aa. Utomvu uligusa vidole ukateleza, haukushika. Nilimenya ndizi moja. Nikamenya ya pili. Shangazi hakupiga makofi, alisogeza mkungu karibu.

Jumapili wazee wa kanisa walikuja kula kwetu. Shangazi aliniweka mlangoni mwa jiko, mbele ya macho yao, nikamaliza mkungu mzima. Baba alinitazama, akatazama kibuyu.

"Hiyo si samli ya wageni?"

"Samli au mbuzi, kaka. Chagua cha kupoteza."

Wazee wakauliza mbuzi gani. Baba akasema hakuna mbuzi, akaomba ndizi ziongezwe. Jioni ile alimfungua mwenyewe. Tulimla Krismasi, na ini nilipewa mimi.

Mikono hii iliyosemwa ina mashetani ndiyo iliyonilisha. Nilifungua mgahawa Nyaishozi, sufuria moja na benchi moja, nikamenya ndizi miaka na miaka na mafuta yangu pembeni. Nyumba ya matofali ninayokaa imetoka humo, kibanja kimetoka humo, na wanangu wamesomeshwa humo. Kusoma na kuandika nilijifunza mwenyewe ukubwani, kwa kalamu. Sikumwomba mtu.

Mwaka huu mjukuu wangu Asimwe amerudishwa kutoka shuleni. Anavua sweta darasani, hashiki chaki, wanasema kichwa kizito. Mama yake, mkwe wangu, akampeleka hospitali, na baadaye akaja nyumbani kwangu binti mmoja, mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Hao wanapima unavyoweza kuishi siku yako, kuvaa, kula, kukumbuka, kusikia kwa ngozi. "Shikamoo, Bibi," akasema, akaketi jikoni na karatasi zake, akamtazama mtoto. Akampa vifungo afunge. Akamtuma vitu vitatu. Akamfumba macho, akamwekea vitu kiganjani. Alipomaliza alinitazama mimi.

"Bibi, gauni umelivaa ndani nje."

"Mishono inanikwaruza. Kwangu navaa nitakavyo."

"Tangu lini?"

Basi nikamweleza yote, na mbuzi pia. Hakucheka. Alisema shangazi yangu alifanya kazi aliyoisomea yeye miaka kadhaa. Nikajibu najua.

Lakini niseme la kweli. Shangazi aliniokoa jikoni, shule hakuifikiria, wala mimi sikumlaumu. Binti huyu alichukua kipande cha chaki, akakizungushia karatasi na gundi, akaacha ncha tu wazi. Asimwe akakishika, akachora kuku kwenye mlango wa jiko. Kitu kidogo namna hiyo! Nilimwomba mtoto aniazime. Vidole vyangu vilibaki safi. Nikaandika chini ya kuku jina la shangazi, Kokugonza, herufi zimepinda kama za darasa la pili, maana ndipo nilipoishia na chaki. Mkwe wangu alitaka kuufuta mlango ule. Nikamwambia aguse aone.