Mama Hakuwahi Kuvuta

Mama aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu la Moravian, hapa Tabora. Hata akipepeta mchele alikuwa akiimba. Baba alikuwa dereva wa lori la mpunga wa Igunga. Akirudi safari alikaa sebuleni akivuta sigara, moja ikizimika anawasha nyingine. Nyumba yenyewe vyumba viwili. Mvua zikianza madirisha yalifungwa, na moshi ukalala nasi.

Kikohozi kilimwanza mama taratibu. Akaacha mazoezi ya kwaya, mwisho akawa anakaa benchi la nyuma kanisani, midomo ikicheza tu. Alipimwa kifua kikuu, hakuwa nacho. Mwaka jana nikampeleka hospitali kubwa, baba akatusindikiza.

Daktari, kijana mdogo kwangu, alimwamkia shikamoo, akaitazama picha ya eksirei.

"Mama, umevuta sigara muda gani?"

"Mimi? Sijawahi, mwanangu."

"Nyumbani kuna anayevuta?"

Mama akawa anakunja pindo la kanga yake. Nilijua hatasema.

"Ni mimi, daktari," baba akajibu. "Mle mle ndani. Tangu nimuoe."

Daktari akatueleza kwa upole kwamba moshi wa sigara humdhuru hata asiyevuta, na kwamba saratani ilikuwa imeshaenea kwenye mapafu.

Tangu siku hiyo baba hakuvuta tena ndani. Kuacha alijaribu, akashindwa. Akawa anakwenda kusimama nyuma ya nyumba, mvua ikimnyeshea.

"Mwite baba yako," mama aliniambia jioni moja, sauti imebaki mnong'ono. "Mwambie aingie. Sitaki kukaa peke yangu."

Nilimwita. Alibadilisha shati kwanza, akanawa mikono, akasukutua. Kisha akakaa pale mlangoni, mbali na kitanda. Mama akamnyooshea mkono, usimfikie. Baba hakusogea. Aliogopa hata pumzi yake.

Tulimzika kabla mvua hazijaisha.

Baada ya matanga baba aliacha sigara kabisa, hakuigusa tena. Sasa anaishi kwangu. Juzi jirani alikuja kumjulia hali, akamwambia kwa furaha, "Hongera, baba. Wengi wameshindwa, wewe umeweza."

"Nimeweza alipokwisha kufa," baba akasema, akainuka kuingia ndani.