Kioo cha Ofisi Iliyofungwa

Radi za Mwanza hazina adabu. Wiki ambayo mnunuzi wa kinu chetu cha pamba alitarajiwa kuja kukikagua, moja ilipiga mchana ikaunguza kioo cha kompyuta. Kompyuta yenyewe ilipona. Katika chumba cha kompyuta tulikuwa wawili: mimi, binti niliyetoka chuoni juzijuzi, na Mzee, mkuu wangu, aliyebakiza kidogo tu astaafu kwa heshima. Tulishaambiwa wazi kwamba chumba kikionekana kinafanya kazi tutabaki, la sivyo tutapunguzwa.

Meneja akatuletea kioo kingine kutoka ofisi moja iliyofungwa huko Ilemela. Tulipokichomeka, badala ya majina ya wakulima yakatapakaa mabano na herufi, kama mchele uliomwagika.

"Mzee, na hiki kimeungua?"

"Kizima hicho. Mashine ndiyo haikijui."

Mfumo wetu ulikuwa mdogo, wa jamii ya Unix, wa kuandika amri tu. Haukuweza kutambua wenyewe kioo ulichounganishwa nacho. Ilibidi uuambie aina yake, nao ukasome kwenye faili la aina hiyo namna ya kukifuta na kusogeza maandishi. Mafaili hayo Mzee alishayafuta, akabakiza la kile kioo cha zamani peke yake. Kinuni ndivyo tulivyozoea: gunia tupu halilali ghalani. Nafasi ilikuwa finyu, na diski za kusimikia mfumo fundi alikwishaondoka nazo kwenda Dar.

Ilibaki aina moja ya jumla isiyohitaji faili, ya vioo visivyojua lolote ila kuandika mstari chini ya mstari. Mzee akaichapa. Mabano yakatoweka, nikapiga makofi kwa furaha. Yeye hakucheka. Programu yetu, iliyozoea kujipanga kioo kizima, iligoma kufunguka.

Mnunuzi alipofika, Mzee hakuwa na cha kumwonyesha zaidi ya majina ya wakulima aliyoyatoa nje ya programu, yakipanda na kupotelea juu.

"Hebu nirudishie yale ya mwanzo, mzee wangu."

"Hayarudi, bosi. Yakishapita, yamepita."

Mnunuzi akatazama saa yake, akashukuru, akatoka. Hakututukana wala nini, lakini nilimchukia, na mpaka leo roho yangu haijatulia juu yake.

Barua ya Mzee ya kupunguzwa kazi ilitangulia. Mimi niliachwa kwa muda kufunga hesabu kwa mkono. Siku ya kuondoka nilimsindikiza hadi kwenye kivuko cha kwenda kwao Sengerema. Alibeba begi moja na jembe jipya lisilo na mpini. Nilidhani tutaagana kama watu, kumbe yeye bado yuko kazini.

"Ukiiwasha, mwanangu, kabla ya yote iambie aina ya kioo. Usipoiambia itakuchanganya."

Asubuhi ileile walikuwa wameichomoa kompyuta na kuitupa stoo, chini ya magunia.

"Sitasahau, Mzee," nikamwambia.