Mazoezi ya Nyuma ya Nyumba

Ni miguu iliyomwangusha mama, au ni hofu ya kuanguka? Mpaka leo sijui. Alianguka uani, akaanguka tena mlangoni, na ingawa picha za eksirei hazikuonyesha mfupa uliovunjika, alihamia kitandani. Nilirudi Ilongero kumuuguza, nikawa namtazama akinyauka.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo mjini Singida ndiye aliyenifundisha tai chi: kuhamisha uzito polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine, magoti yamelegea, mikono kama inayosukuma maji, pumzi ikifuata. Alisema huipa miguu nguvu na kumwezesha mtu kusimama imara, hata asiiogope tena hatua yake mwenyewe. Mama hakutaka kuonekana akitetemeka, kwa hiyo tulifanya alfajiri, nyuma ya nyumba, kukiwa bado na giza. Baada ya majuma kadhaa alikwenda jikoni peke yake. Nilijificha nikalia.

Kisha mke wa kaka yangu akaja kutoka kisimani akicheka.

"Wifi, alfajiri yote hii mnamwangia nani?"

"Ni mazoezi."

"Mazoezi gani ya kupunga mikono gizani? Kisimani wanasema mama kapata mwanafunzi msomi!"

Alikuwa akitania. Lakini mama alisikia, na huku kwetu mwanamke mzee hataniwi uchawi. Akarudi kitandani.

"Niache, mwanangu," aliniambia kwa Kinyaturu. "Afadhali nife nimelala kuliko kufa nikiitwa mchawi."

Nilimsihi, nikamkaripia, nikampigia magoti. Miguu ikaanza kukataa tena, hata chooni ikabidi tumbebe. Chuo kikuu kilinifundisha kujenga hoja. Sikuwa na hata moja ya kushinda maneno ya kisimani. Usiku sikulala, nikisikiliza kama bado anapumua.

Jioni moja nikaona kilichotuponza: tulijificha. Nikamwambia kesho tutafanya mbele ya nyumba, jua likiwa limetoka, kila mtu aone.

"Na nikianguka mbele yao?"

"Tutaanguka sote."



Asubuhi, wanawake walipokuwa wakirudi na ndoo zao, nilimwinua, nikamtoa hadi kando ya njia. Wifi alisimama, akatua ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mama akatenga miguu, akashusha pumzi, akaanza kuhamishia uzito wake mguu wa kushoto.