Mama Angani na Mpelelezi Wake

Shemeji yangu hapendi kuonewa huruma, nami sina huruma ya kugawa ovyo, kwa hiyo tunaelewana. Ni dada mkubwa wa mke wangu. Kazi yake ni kuendesha winchi, ile ndefu ya mnara inayosimama katikati ya jengo linalojengwa, na kibanda chake kiko juu kabisa, mahali ambapo mimi nikipelekwa itabidi nishushwe kwa machela. Mafundi wote humwita Mama Angani. Mimi nabaki chini na kofia ngumu na redio ya mkononi, namwelekeza: pandisha, shusha, zungusha kushoto, taratibu. Nyumbani yeye ndiye anayeniamuru, kazini namwamuru mimi, na kila mmoja wetu anaona zamu yake ndiyo yenye haki.

Ana kisukari cha kuchoma sindano tangu usichana wake. Alipoomba kazi ya winchi alikitaja mwenyewe kabla hajaulizwa, wakamkubalia kwa masharti: apime kabla ya kupanda, awe na kitu kitamu karibu, na akijisikia vibaya mzigo ushuke kwanza, maswali baadaye. Miaka yote hiyo alikuwa akichoma vidole mpaka ncha zake zikawa ngumu kama za mpiga gitaa. Kisha kliniki wakampa kihisi. Ni kitu cha mviringo, ukubwa wa kifungo cha koti, kinabandikwa nyuma ya mkono juu ya kiwiko, na kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Kila baada ya muda mfupi kinatuma kipimo cha sukari yake kwenye simu, na ikishuka sana simu inapiga kengele. Akakibatiza Mpelelezi.

"Sasa hata nikila keki kwa siri nitaripotiwa," alisema.

Nikamwambia hajawahi kula kitu kwa siri, maana akitafuna majirani wanajua.

Ningependa kusema Mpelelezi alianza kazi vizuri. Hakuanza vizuri hata kidogo. Wa kwanza alidondoka kwa sababu shemeji hujipaka mafuta mpaka anang'aa, na gundi haishiki kwenye mafuta. Tulimkuta ndani ya mkono wa shati, akiendelea kulipeleleza shati. Aliyefuata alibandikwa kwenye ngozi safi, iliyokaushwa vizuri, lakini pale pale unapopita mkanda wa usalama. Shemeji akapanda ngazi, mkanda ukamkwangua Mpelelezi, naye akang'oka. Siku nyingine alisahau simu kwenye meza tunayolia chakula. Mpelelezi akabaki kule juu bila wa kumsikiliza, na simu huku chini inalalamika mbele ya sahani zetu kwamba haimpati.

Yote hayo alijifunza kwa kunung'unika, na sijapata kumwona mtu anayenung'unika kwa ustadi kama yeye. Lakini kosa likishampiga halimrudii. Mafuta akawa anajipaka kila mahali isipokuwa pale. Kihisi akakisogeza mbali na mkanda. Mke wangu akamshonea mfuko wa simu ndani ya koti la kazi. Na akibadilisha kihisi, anakibandika kuelekea siku ya mapumziko, kwa sababu siku ya kwanza kinakuwa bado kinabahatisha, na yeye hataki kubahatisha akiwa na tani za chuma mkononi.

Kilichomtia matatani ni kengele za uongo. Tuko katikati ya kazi, mzigo umening'inia, mara naisikia kengele kupitia redio. Anashusha mzigo, anachoma kidole, kidole kinasema yuko sawasawa. Ikatokea tena na tena. Msimamizi akaanza kusonya. Afisa usalama, dada mmoja kijana asiyecheka ovyo, akamwita ofisini na mimi nikiwepo, akamwambia bila kumung'unya maneno.

"Dada yangu, ugonjwa wako siukatai. Nakataa kitu nisichokielewa. Kengele ya uongo nikijua sababu yake nitaivumilia. Lakini ikilia ya kweli mzigo ukiwa hewani, kile kiti nampa mwingine, na wewe unakwenda stoo."

Stoo! Mtu aliyezoea kuuona mji mzima kwa kugeuza shingo, ukamfungie na makoleo. Shemeji alitoka pale kichwa juu, akanitania kuhusu tumbo langu, akapanda ngazi. Jioni mke wangu akaniambia dada yake alikuja kwetu akalia jikoni. Nilibisha. Kisha nikakumbuka kwamba kile kiti amekihangaikia ujana wake wote, nikaacha kubisha, na moyo ukaniuma.

Nikamsindikiza kliniki. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kengele ikilia unakuwa unafanya nini?"

"Kazi," shemeji akajibu.

"Kazi gani? Mwili umekaaje?"

Shemeji akanitazama mimi, kana kwamba mwili ni wangu. Nikafikiri kidogo, nikasema kwamba mara nyingi inalia tukiwa tunashusha mizigo karibu na mguu wa winchi, ile ambayo lazima aitazame wima chini.

"Hebu kaa hapa unionyeshe unavyoitazama," muuguzi akamwambia.

Akakaa kwenye kiti kando ya kabati, akainama, akachungulia sakafu kama anatafuta pete iliyopotea, na mkono wake wa kushoto, wenye kihisi, ukajibana kwenye kabati kama unavyojibana kwenye ukuta wa kibanda. Muuguzi akacheka mpaka akavua miwani.

"Mama, unamlalia mpelelezi wako! Ukikibana, majimaji ya chini ya ngozi yanakimbia pale, na chenyewe hakisomi damu, kinasoma hayo majimaji. Kinaona yamepungua, kinadhani sukari imeshuka, kinapiga kelele. Wengi kinawafanyia hivyo wakilala ubavu. Kinachofuata kibandike kulia."

Akabandika kipya kulia, na kengele za uongo zikakoma. Afisa usalama aliletewa maelezo, akatikisa kichwa kukubali, akasema sehemu ya pili ya maneno yake, ile ya stoo, bado iko pale pale. Shemeji akasema amesikia. Alirudi kuimba redioni, ambalo ni jambo baya kwa masikio yangu lakini lilinipa furaha.

Ikaja siku ya tangi. Lilikuwa tangi la maji la chuma, la kukaa juu ya paa, mzigo mkubwa kuliko yote tuliyowahi kupandisha pale. Wenye jengo walikuja na viatu vinavyong'aa wakasimama nyuma ya utepe. Lori likachelewa. Shemeji alikuwa ameshachoma sindano yake ya asubuhi, ile ya kushusha sukari, amekunywa chai haraka haraka, amepanda ngazi yote ile, na sasa amekaa juu anasubiri. Kusubiri kulipozidi akatoa chungwa akalimenya. Wakati ule ule lori likapiga honi langoni. Chungwa akaliweka kando bila kulionja, akashika vipini vyake.

Tukafunga minyororo. Nikaikagua mmoja mmoja, kisha nikamwambia apandishe kiganja kimoja tu, tuone kama tangi limekaa sawa. Likapanda. Nilikuwa nimeshika kamba ya kuliongoza, nimesimama karibu kiasi cha kuligusa. Hapo ndipo nilipoisikia kengele redioni.

Kabla sijafungua kinywa, tangi lilikuwa linarudi juu ya lori, polepole, bila kishindo.

Msimamizi akaichukua redio mkononi mwangu. "Nini tena?"

"Napima," akajibu shemeji. Kisha akasema, "Kidole kinasema tisa."

"Tisa! Si mnasema chini ya nne ndiyo tatizo? Basi uko salama, ni huyo mpelelezi wako ameanza uzushi wake. Inua, mama, wageni wanatutazama!"

Nikamwangalia afisa usalama. Alikuwa amekunja mikono, anasubiri kama sisi. Ile tisa ndiyo iliyokuwa kinga ya shemeji. Kwa tisa, kengele ni ya uongo, kiti ni chake, tangi linapanda, wageni wanapiga makofi. Nilimwombea akubali. Sioni aibu kulisema, kwa sababu nilikuwa nampenda akiwa pale juu.

"Sijaegemea popote," sauti ya shemeji ikaja, nzito kidogo. "Sijakibana."

"Mama, inua!"

"Subirini. Nimetoka kumenya chungwa, vidole vimelowa maji yake matamu. Hiyo tisa inaweza kuwa ya chungwa. Nanawa."

Msimamizi akaondoa redio sikioni akaitazama, kama vile ndiyo iliyomtukana. Kule juu hakuna aliyekuwa anamwona shemeji. Alimwagia vidole maji yake ya kunywa, akavifuta mpaka vikakauka, akachoma kidole kingine. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema saba, nane, chochote alichopenda, na sisi tungeinua macho na kumwamini.

"Mbili nukta nane," akasema.

Akaendelea mwenyewe, pole pole, neno moja moja. "Nimefunga breki. Mtu asiguse ndoano. Nakunywa glukosi, na nitakaa hapa hapa. Siteremki ngazi nikiwa hivi."

Tulisubiri. Mimi nilikuwa roho juu, nazunguka lori bila sababu. Baadaye akasema kipimo cha kidole kimepanda, lakini tuliisikia kengele ikiendelea nyuma ya sauti yake, na msimamizi, ambaye sasa hofu ilikuwa imehamia kwake, akampigia kelele anywe nyingine.

"Sinywi," akamjibu, na nilisikia sauti yake ile ya kawaida inaanza kurudi. "Mpelelezi habari zinamfikia zikiwa zimechelewa. Damu imeshatangulia, yeye bado anasoma ya nyuma. Nikimfuata nitakunywa mpaka sukari ipae, kisha mniokote jioni kama gunia. Nilishawahi kufanya hivyo. Sirudii."

Alipokuwa imara aliteremka, hatua kwa hatua, akakaa kwenye benchi letu akala mkate na mayai. Hakuna aliyemtania. Afisa usalama akaja akaketi mbele yake.

"Uliona tisa," akasema.

"Niliiona."

"Ungeniachia hiyo hiyo, ningeichukua."

"Najua ungeichukua."

"Na ulikuwa unajua tulikubaliana nini."

"Kwamba ikilia ya kweli natoka." Shemeji akaweka mkate chini. "Mzigo ulikuwa hewani, hata kama ni kiganja kimoja. Nitatoka. Sikuja kubembeleza."

Msimamizi akakohoa, akasema dereva wa winchi wa zamu ya pili yuko tayari, anaweza kupanda sasa hivi, wageni wasikae juani bure. Afisa usalama akanigeukia mimi, jambo ambalo sikulitegemea kabisa.

"Sharti nililiweka mimi, na niliogopa mtu atakayeficha," akasema. "Huyu hakuficha. Naweza kulibadilisha. Lakini mimi nitasimama nyuma ya utepe na wageni. Anayeshika kamba kando ya tangi ni wewe. Unataka nani awe juu?"

Niliitazama mikono ya shemeji, vidole vimejaa alama ndogo ndogo za kuchomwa, na vile viwili vya asubuhi ile bado vyekundu. Nikalitazama tangi. Nikajiona nimesimama pembeni yake, na juu yuko mtu ambaye angeridhika na tisa ya chungwa.

"Namtaka huyu aliyelishusha," nikasema.

Shemeji akageuza uso upande wa pili. Afisa usalama akasimama, akampa sharti jipya: amalize kula, apumzike, apime kwa mikono safi, akae tena, apime tena, na ikitulia mara zote mbili ndipo apande. Wageni wakaambiwa wakanywe soda kivulini. Msimamizi alinyanyua mabega, kisha yeye mwenyewe akaenda kuleta ndoo ya maji na sabuni akaziweka karibu na benchi.

Mchana ulikuwa umeshasogea alipofika kibandani. Redio ikakwaruza.

"Shem, niko sawa, vipimo vyote vinaelewana. Wewe uko tayari?"

Nikamwambia niko tayari. Nikaishika kamba, nikasogea karibu na tangi, nikainua mkono.

"Pandisha," nikamwambia.