Fomu ya Neema Ilivyokwenda Usa River

Sababu ya safari ilikuwa fomu. Neema, binti wa marehemu mdogo wangu, alikuwa anaomba nafasi chuo cha uuguzi kwa mtandao, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa siku hiyo saa kumi jioni. Asubuhi, nyumbani Lemara, Arusha, akaniambia, "Shangazi, niijaze sasa hivi niitume." Nikamkemea. Kulikuwa na sehemu ya jina la mlezi, yaani kaka yangu mkubwa, na kwetu jina la mkubwa haliandikwi hivihivi kama mtu ananunua vocha. Twende kwake.

Daladala ilipofika Tengeru Neema alikuwa ameshatoa simu. "Funga hiyo," nikamwambia. "Tutajaza kwa heshima."

Saa saba tukawa Usa River, kwa kaka. Shikamoo, marahaba, habari za Lemara, za ng'ombe, za wagonjwa mmoja mmoja kwa majina. Likaja bakuli la loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, na nani ataliacha? Simu iliwekwa mezani saa tisa.

Neema akaingia kwenye ukurasa wa chuo, na kila swali likageuka kikao. Kazi ya mlezi: mkulima au mfugaji? Kaka alivikataa vyote viwili.

"Andika mzee wa kanisa."

"Baba mkubwa, haimo humo."

"Basi iwekeni!"

Hilo peke yake lilikula nusu saa. Neema alipobonyeza aendelee, ukurasa ukarudi mwanzo: ingia upya.

"Ametufukuza!" kaka akafoka. "Huyo wa upande wa pili kalelewa wapi?"

Elibariki, mwanawe anayeshika kompyuta kwenye shamba la maua, akacheka hadi akajifuta machozi. "Baba, hakuna mtu. Simu inatuma ombi, seva, yaani kompyuta ya chuo, inajibu, halafu inakusahau palepale. Ukiingia, inaipa simu namba ya kukutambulisha, na simu inaionyesha namba hiyo kila inapouliza. Mkinyamaza muda mrefu, seva inaifuta. Na hayo yote mliyojaza yalikuwa humu kwenye simu tu, yamepotea. Hayaifikii seva mpaka mtume."

"Kwa hiyo tumebishana wenyewe?"

"Wenyewe kabisa."

Tukaingia tena. Safari hii Neema alijaza mwenyewe, akamaliza saa kumi kasoro robo. Kidole kilikuwa kinashuka kwenye "Tuma" kaka aliponyanyua mkono.

"Tusali kwanza."

Jamani! Alianza na wakuu wa chuo, akapita serikalini, akaombea mvua, akamshukuru Mungu kwa kila mjukuu. Elibariki alikohoa mara tatu. Mimi nilimwona Neema akichungulia saa, nikamfinya.

Amina ilikuja saa kumi na dakika sita. Neema akabonyeza, na seva ikajibu kabla hatujakaa: dirisha limefungwa. Kaka akaamuru ajaribu tena. Alijaribu mara saba, na mara zote saba ikamjibu upesi, neno lilelile.

Jioni, tukirudi Arusha, nilijua nilichojifunza. Seva haina dharau wala upendeleo. Ukiiuliza inakujibu, usipoiuliza haijui kama uko duniani. Waliomchelewesha mtoto wa watu ni sisi tuliompenda, na wa kwanza ni mimi.

Nikaanza kumwambia habari za mwakani. Neema alikuwa ameegemea kioo cha daladala, hakugeuka.

"Shangazi," akasema, "jina la baba mkubwa nilikuwa nalijua."