Chapa ya Daktari Lokaale

Simwamini mtu anayemuuliza mtoto wangu swali kisha akaandika jibu. Hapa Kakuma tumehojiwa mpaka tukachoka: kuhusu maji, kuhusu njaa, kuhusu vyoo. Mgeni anashukuru sana, anapanda gari, humwoni tena. Kwa hiyo Daktari Lokaale alipofika na tableti zake, mimi Namuria niliendelea kusuka vikapu vyangu, jicho moja likiwa kwake.

Alisema yeye ni Mturkana wa Lodwar. Sawa, lakini viatu vyake vilikuwa safi mno. Nikaulizauliza. Mama yake alikuwa akiuza chai karibu na stendi, baba alifariki mapema, na kanisa likamsomesha kijana mpaka akawa mhadhiri wa kompyuta. Mbuzi hakuwahi kuchunga hata mmoja. Huyo ndiye aliyekuja kuwafundisha watoto wetu na wa wakimbizi kusoma kwa kutumia mbuzi.

Mbuzi wa kwenye kioo, lakini. Mtoto anapanga maneno: nenda, pinda, simama, kunywa. Akiyapanga vibaya, mbuzi anaingia miibani badala ya kufika kisimani, naye mtoto anasoma upya. Binti yangu Nakeno, ambaye shuleni walishamkatia tamaa, akaanza kunisomea maandishi ya magunia ya unga. Nilifurahi, nisidanganye. Halafu nikaogopa. Mtu mwema hivi anataka nini? Baadaye nikasikia ameandika makala juu ya watoto hawa, inasomwa ng'ambo, na kuna chuo huko kinamwita. Nikasema, si nilijua!

Siku moja shemeji yangu Ekai, ndugu wa marehemu mume wangu, akaitazama ile tableti. Mtoto akimaliza hadithi, kando ya picha yake ilikuwa ikitokea chapa ya ukoo, ile tunayowachoma nayo ng'ombe. Daktari alitafuta pambo la kikwetu, akachukua chapa ya ukoo wa baba yake. Aliyekulia zizini asingethubutu. Kwetu anayeweka chapa anasema hiki ni changu, na mwanamke akiolewa huacha chapa ya baba yake akachukua ya mume.

Kesho yake wazazi wakajaa darasani.

"Ejok," alisalimu Ekai bila kutabasamu. "Daktari, wewe umewekea watoto yetu chapa yako. Hawa wasichana umeoa lini? Ng'ombe iko wapi?"

Daktari alicheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye. Akaahidi kuifuta siku hiyohiyo.

"Chapa haifutwi. Leta watu ya ukoo wako tuongee na wao. Kama hakuna, watoto inatoka leo. Nakeno inarudi kwa mbuzi."

Lokaale akaangalia huku na huku. Hakumjua hata baba mdogo mmoja, maskini. Nakeno alikuwa akilia kimyakimya, na mimi moyo uliniuma, maana nilijua akitoka pale harudi.

Ekai akainua tableti juu ili kila mtu aone. Ndipo na mimi nikaiona ile chapa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya ng'ombe walionikuza, kabla sijaolewa.

Nikasimama. "Huyu ni wa ukoo wa baba yangu. Ni kaka yangu. Ekai, mjomba anaoa mtoto ya dada yake?"

"Hapana," akasema Ekai, shingo upande.

"Basi hajaoa mtu."

"Na hawa wengine?"

"Watamwita mjomba pia. Ulitaka watu yake, si ndiyo mimi? Mwenye neno aniletee."

Walinung'unika sana, kisha wakatoka mmoja mmoja. Watoto wakabaki.

Daktari akanijia, jasho likimtiririka. "Asante sana, mama."

"Dada," nikamrekebisha. "Na usinishukuru bado. Mtafiti anaweza kuondoka akimaliza kazi yake. Mjomba wa watoto anaenda wapi? Kile chuo cha ng'ambo umeshakijibu?"

Alinitazama kwa mashaka, kana kwamba sasa mimi ndiye mgeni mwenye maswali.

"Bado," alisema.

"Basi kijibu sasa hivi, hapahapa. Halafu mpe Nakeno anisomee ulichoandika."